Wanataka kujenga fremu juu ya bustani yangu, na mama mkwe kanyamaza

Shangazi shikamoo,

Naomba jina langu usilitoe maana huku mtaani hii safu inasomwa sana na wifi yangu ni mmojawapo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Tabata na mume wangu kwenye nyumba ya wakwe zangu. Baba mkwe alifariki kabla sijaolewa, nyumba ikabaki kwa mama mkwe na watoto wake watatu, yani mume wangu, shemeji yangu ambae yuko Mwanza anauza vipuri, na wifi yangu ameolewa Kibaha. Hapa nyumbani tunaishi sisi na watoto wetu na mama.

Mbele ya nyumba kuna uwanja unaofika mpaka barabarani. Nilipoolewa ulikuwa mchanga mtupu na vipande vya tofali, na gari bovu la marehemu lilikuwa linaozea pale mpaka wakaja kulinunua watu wa chuma chakavu. Hakuna mtu aliyekuwa na habari na ule uwanja.

Mi nilikuwa nafundisha chekechea shule moja binafsi, wakapunguza walimu nikajikuta niko nyumbani. Sasa kuna siku nimechambua matembele, nikaangalia vile vijiti nikaona vina macho bado, badala ya kutupa nikavichomeka pale karibu na bomba maji yanapomwagika. Basi yakatambaa pale mpaka nikashindwa kuyamaliza, nikawa nagawa kwa majirani. Nikapata moyo, nikatoa vipande vya tofali, nikaomba samadi kwa jirani anaefuga ng'ombe, nikainua matuta. Sa hivi Shangazi ukija kwangu utapenda. Nina mchicha, chainizi, sukuma wiki, bamia, nyanya chungu, maboga nimeyapandisha kwenye fensi nakula majani yake, kisamvu kiko kando ya ukuta, mipapai miwili, na kwenye ndoo zilizopasuka nimeweka mrehani, mnanaa, mchaichai na giligilani. Maji ya kuoshea mchele na mboga hayamwagwi hovyo, yote yanaenda kule, bili ya maji imepanda kidogo lakini sio ya kutisha. Mboga ya kununua hatuijui tena, labda nyanya na vitunguu. Na majirani wananunua, fungu jero, mama ntilie wa pale kituoni anachukua mchicha karibu kila siku. Hela ya kikoba changu inatoka hapo, madaftari ya watoto yanatoka hapo.

Sasa shemeji alipokuja likizo akakaa na mume wangu sebuleni wakapiga hesabu, wajenge fremu tatu za maduka pale mbele. Mtaji anatoa yeye. Tayari kuna mtu wa huduma za pesa anataka moja na mwingine anataka kufungua duka la vinywaji, na watalipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mume wangu alifurahi sana. Mi nikauliza, na bustani je? Akacheka, mbele ya shemeji na mgeni mwingine aliyekuwepo, akasema hivi kweli mboga za jero jero ndo zisimamishe mradi? Nikanyanyuka nikaenda jikoni. Sijaweza kulisahau lile neno mpaka leo.

Mama mkwe alikuwepo pale hakusema kitu. Kesho yake asubuhi tunachuma mchicha kanambia, mwanangu mimi sitaki wabomoe hii, lakini wale ni wanangu, ntasemaje. Nikamwomba basi aseme siku ya kikao cha familia, ananambia we nyamaza tu Mungu yupo. Tangu hapo nikianzisha anabadilisha mazungumzo.

Wiki iliyopita fundi kaja kupima, kachomeka mambo, vile vigingi vya kupimia, katikati ya matuta yangu na kufunga kamba. Wanasubiri mvua ziishe tofali ziletwe. Mi na mume wangu tunaongea ya lazima tu, watoto wamekula, umeme umekwisha, basi. Nikisema anasema nina ubinafsi, kiwanja ni cha baba yake na mimi nimekikuta. Wifi kwenye simu kaniambia nisiwe kikwazo cha maendeleo. Mama yangu mzazi anasema mwanamke hagombanii ardhi ya ukweni. Shoga yangu yeye ananambia niende ustawi wa jamii nikamshtaki. Na kuna dada mmoja ana kiwanja Kinyerezi hajajenga, kasema naweza kulima kule bure.

Nimechoka Shangazi. Wakati mwingine najiuliza labda kweli nina tatizo, mtu mzima analia kwa ajili ya mchicha. Nifanye nini? Niwaachie? Nipigane? Niendelee kupanda kama vile sijaona hizo kamba?

Alafu samahani na hili, chainizi zangu zinatobolewa matundu kila zikikaribia kuvunwa, nimeshanyunyizia majivu bado. Nifanyeje?

Mama wa Tabata

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Jina lako hatulitoi.

Nimeisoma barua yako polepole, na jambo lililonishika zaidi ni lile la sebuleni kuliko hata la fremu. Umechukua uwanja uliokuwa na vyuma na vipande vya tofali ukaufanya utoe chakula, nyumba nzima inakula humo mpaka na huyo aliyecheka, alafu kazi yote ile ikatajwa kwa bei ya fungu moja mbele ya mgeni. Hapo yeyote angeumia. Kwa hiyo lile la kujiuliza kama una tatizo kwa kulilia mchicha naomba uliweke pembeni kabisa, ulipoteza kazi ukajitengenezea nyingine kwa mikono yako na sasa imechomekwa mambo. Kulia ni haki yako.

Ila kwenye barua yako kuna mambo yamefungwa kamba moja, na kila nikisoma naona yakifunguliwa yanaweza kwenda njia tofauti. Kuna kiwanja ni cha nani na nani anaamua. Kuna hela. Na kuna heshima yako ndani ya hiyo nyumba. Unaweza ukashinda la kiwanja ukakosa la heshima, na unaweza pia ukapoteza nusu ya uwanja huku mumeo akawa ameanza kukuona upya. Sijui wewe kwako lipi linauma zaidi, na nadhani ni vizuri ukalijua kabla hujaongea na mtu yeyote tena.

Tuanze na mumeo. Umeandika kama mtu aliyekwisha kumjua kwamba anaidharau bustani, na inawezekana kweli anaidharau. Lakini hebu nikuulize, anajua hela ya kikoba inatoka wapi? Anajua madaftari yalinunuliwa na nini? Wanawake wengi tuna tabia ya kuziba matundu kimyakimya, chumvi imeisha unanunua, mtoto anadaiwa hela ya mtihani unatoa, na mwenzako anaona tu nyumba inakwenda. Huyu ni mwanaume ambae mishahara ya nyumba ilikuwa miwili ukabaki mmoja, kaja mdogo wake au kaka yake na mtaji mkononi, anamwonyesha kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mi simtetei kwa lile neno, lile neno lilikuwa baya. Nasema tu kwamba furaha yake siku ile inaweza kuwa ilikuwa ya mtu aliyeona pa kupumulia, na huenda hakukufikiria wewe hata kidogo, jambo ambalo nalo linauma lakini ni tofauti na kudharauliwa.

Kwa hiyo kama ungekuwa unaongea na mimi jikoni ningekwambia chukua daftari, andika mwezi mmoja tu. Usiandike ulichouza peke yake, andika na mlichokula, kila siku mboga gani, na sokoni ingekuwa bei gani kwa nyumba ya watu watano. Mrehani na mchaichai na giligilani navyo vina bei andika. Upande wa pili weka mbegu, bili ya maji ilivyoongezeka, samadi kama siku hizi unanunua. Wengi wanaofanya hivi hushangaa, maana kile wanachokila ndani huwa kikubwa kuliko kile wanachouza.

Lakini nikwambie na hatari yake. Inawezekana sana hesabu ikaonyesha fremu zinalipa zaidi. Fremu tatu za barabarani Tabata zikipata wapangaji wazuri zitakuzidi, na kama umelileta daftari mezani kama silaha litakugeukia. Ulilete kama mtu anaemwonyesha mwenzake kitu alichokuwa hakioni. Na kuna vitu havimo humo. Wewe unajua mboga yako imenywa maji gani na imepuliziwa nini. Mboga nyingi za jiji hili zinalimwa mabondeni, na wanasayansi waliopima mboga za bonde la Msimbazi wamewahi kukuta metali nzito ndani yake, kwa sababu ya maji taka na ya viwanda yanayoingia mtoni. Mzazi akilijua hilo hawezi tena kuliita fungu la mchicha wa nyumbani jero jero kwa namna ileile.

Sasa mama mkwe. Hapa mwanangu nataka twende taratibu, maana naona umemwekea mzigo mkubwa bila kukusudia. Unasema yuko upande wako. Alichokwambia ni kwamba hataki wabomoe, na nakuamini, ila sijui kama hataki kwa sababu yako. Huyo mama kama ana umri wa miaka sitini na kitu kwenda sabini basi alikuwa binti wakati wa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona mwaka 1974 na 1975, na alikuwa mama wa nyumba miaka ya themanini mwanzoni, ile ya maduka ya kaya na foleni za sukari na sabuni, wakati watumishi wa serikali hapa Dar walikuwa wanalima popote palipo wazi kwa sababu mshahara haukufika katikati ya mwezi. Anaeshika mchicha asubuhi na wewe anaweza kuwa ana mambo yake mengi kichwani kuhusu chakula kuwa karibu na mlango, na huenda hata kuhusu marehemu na ule uwanja. Ulishawahi kumuuliza? Muulize siku moja mkiwa mnachuma, bila kutaja fremu wala kikao. Msikilize tu.

Akinyamaza kikaoni usimhesabu amekusaliti. Yeye anakaa kati ya watoto wake wawili wa kiume na mkwe anaempikia kila siku, akitamka neno kuna mtu atamnunia, na uzeeni mtu anaogopa sana kununiwa na wanae. Ukimsukuma aseme kwa niaba yako anaweza akakukimbia kabisa na ukapoteza hata zile asubuhi. Lakini pia usimfanye mtoto. Yeye ni mjane wa mwenye nyumba, ana sauti yake kwenye kile kiwanja ambayo haitokani na wewe wala na wanae.

Na hapo ndo nafika kwenye lile neno la mumeo, kiwanja cha baba yangu. Mimi swali langu ni hili, mirathi ilifunguliwa? Kuna msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, au watu walizika wakaendelea kuishi kama tunavyofanya wengi? Kama hati au karatasi za kiwanja bado zina jina la marehemu, basi hicho ni kiwanja cha warithi wote, mama akiwemo, wifi wa Kibaha akiwemo. Shemeji anatoa mtaji, fremu zitakuwa za nani? Kodi itagawanywa vipi? Yeye anarudisha kwanza hela yake, au kila mtu anapata kuanzia siku ya kwanza? Wifi yako anakwambia usiwe kikwazo cha maendeleo, lakini sijui kama yeye ameulizwa fungu lake liko wapi. Familia nyingi zimegombana juu ya fremu zilizojengwa kwa nia nzuri kabisa na hela ya ndugu mmoja kwenye uwanja wa wote. Na fremu za barabarani zina lao jingine, zinahitaji kibali cha ujenzi cha halmashauri, na lazima ijulikane hifadhi ya barabara inaishia wapi. Hapa Dar sote tumeziona zile alama za X nyekundu kwenye kuta za watu.

Haya ni maswali ya haki kabisa na hayahusiani na mchicha. Lakini nakuomba ufikirie sana yatatoka mdomoni mwa nani. Mkwe akitamka neno mirathi kwenye kikao, kuna ndugu watasikia mke wa fulani anataka kugawa mali, na hata kama ulikuwa na nia njema hilo halifutiki kirahisi. Likitoka kwa mumeo mwenyewe baada ya nyie wawili kuongea usiku, au kwa wifi, au kwa mzee wa ukoo ambae wote wanamheshimu, linasikika tofauti. Pia unaweza kwenda kimya kimya kwa msaidizi wa kisheria kuuliza tu. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hawa watu wanatambulika rasmi na huduma yao ni ya bure kwa wasio na uwezo, mtendaji wa mtaa anaweza kukuelekeza waliko. Kuuliza hakukulazimishi kufanya chochote.

Mama yako anasema mwanamke hagombanii ardhi ya ukweni. Namheshimu, na kuna busara ya watu walioona mengi ndani yake. Sheria nayo iko hivi, mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya nchi hii katika kesi ya Bi Hawa Mohamed ilisema kazi za mke nyumbani zinahesabika kama mchango kwenye mali za ndoa. Ile ilikuwa kesi ya talaka na wewe huko hauko na wala sikupeleki. Na haikupi kiwanja cha wakwe, kile si mali mliyochuma wewe na mumeo. Naitaja kwa sababu umejiuliza kama kazi yako ni kazi, na majaji walishalijibu zamani.

Kuhusu ustawi wa jamii alivyosema shoga yako, mlango ule uko wazi na ni haki yako kabisa. Wanasaidia wanandoa waliokwama na mara nyingi wanawakalisha wote wawili bila kuegemea. Ninachokiogopa ni lile neno lake, kumshtaki. Mkifika kule kabla hamjakaa nyie wawili au na wazee, nyumba nzima itasikia kwamba umemripoti mumeo kwa ajili ya mboga, na hapo kitakachojadiliwa ni wewe. Lakini kama ule ukimya unaendelea na kama kuna mambo mengine ambayo hukuyaandika humu, basi usisubiri mtu akuruhusu.

Tuje kwenye ardhi yenyewe. Kwenye barua umeandika kama vile ni fremu au bustani. Umeshapima? Fundi kachomeka mambo, basi hesabu kati ya hizo kamba na ukuta wa nyumba kunabaki nini, na upande na nyuma kuna nini. Inawezekana ukamwomba mumeo, mkiwa wawili na hakuna mgeni, fremu ziwe mbili badala ya tatu, au zisogee upande mmoja. Watakwambia ya tatu ndo inayolipa faida. Wanaweza pia wakakubali. Lakini kabla hujaomba chochote toka nje asubuhi alafu saa sita alafu saa tisa alasiri, uangalie jua linapita wapi na ukuta wa fremu ukisimama pale kivuli kitalala upande gani. Mchicha, matembele na chainizi zinavumilia jua la nusu siku. Bamia, nyanya chungu na pilipili zinataka karibu siku nzima, kivulini zitarefuka tu na kuzaa kidogo. Na huku kwetu jua linahama, katikati ya mwaka linapita upande wa kaskazini na Desemba linasogea kusini kidogo, kwa hiyo usiamini kivuli cha mwezi mmoja.

Kama sehemu itabaki ndogo, viroba vinasaidia sana. Unasimamisha nguzo ya kokoto katikati kuanzia chini mpaka juu ili maji yashuke, udongo uliochanganywa na samadi iliyooza unazunguka, alafu unatoboa pembeni na kupanda kote. Sukuma na mchicha zinakubali vizuri mno. Ubaya wake vinakauka haraka, Januari na Februari utamwagilia asubuhi na jioni na bili utaiona. Kisamvu na mipapai havihamishiki kwenda kwenye kiroba, hivyo ungevipoteza na sitakudanganya. Ukihamia nyuma ya nyumba kaa mbali na shimo la choo.

Kinyerezi nako kunavutia, naelewa. Mahali ambapo hakuna mtu wa kukwambia umekikuta. Ila kile ni kiwanja cha mtu mwingine tena, hajajenga leo, siku akipata hela atajenga, na mara nyingi inakuwa ndo kwanza udongo umeanza kunona. Ukikubali muandikishiane mbele ya mjumbe, hata karatasi moja, miaka mingapi na akihitaji kiwanja chake anakupa muda gani wa kuvuna. Kuna nauli, kuna maji yatatoka wapi, kuna wezi, na mchicha hausubiri, ukikosa kwenda siku tatu kipindi cha jua umeukosa. Na watoto wako na mama mkwe hawatakuwa wanachuma na wewe asubuhi. Hilo unaweza kuliona dogo au kubwa, wewe ndo unajua. Wapo waliofanya hivyo wakageuza kuwa biashara kamili na wakarudi nyumbani wakiwa na amani zaidi.

Na swali lako la kuendelea kupanda kama hujaona kamba. Kwa upande wa shamba halina hasara kubwa, mchicha ukimwaga leo wiki ya tatu au ya nne unavuna, kwa hiyo mpaka tofali zije utakuwa umeshakula. Kwa upande wa nyumba sina uhakika, kuna mume ataona mke wangu anaendelea na kazi yake, na kuna mwingine ataona ananipinga waziwazi. Wa kwako ni yupi mimi simjui. Ninachoweza kusema, ndani ya zile kamba usiweke kitu cha kukaa miezi. Na bila kujali mtakachoamua, anza sasa kuacha mashina machache ya mchicha yatoe mbegu, na nyanya chungu mbili tatu ziive mpaka ziwe nyekundu kabisa uzikaushie mbegu. Matembele unajua mwenyewe, vijiti tu.

Kuna kitu kimoja hukukiandika na nimekitafuta kwenye barua nzima, kwamba ulishamwambia mumeo kuwa lile neno la sebuleni lilikuumiza. Umemwambia kuhusu fremu, umemwambia kuhusu kiwanja. Labda ulimwambia ukasahau kuandika. Kama hujamwambia, huenda hata yeye anadhani ugomvi wenu ni wa matuta.

Haya, chainizi. Amka mapema kabla jua halijakolea ugeuze majani chini. Ukikuta viwavi vidogo vya kijani, ukivigusa vinajipinda haraka na kuning'inia kwa uzi, hao ni watoto wa nondo wa mgongo-almasi, na majivu peke yake huwa hayawatoshi. Viokote kwa mkono kwa sababu bustani yako sio kubwa. Twanga majani ya mwarobaini ujaze bakuli kubwa, yaloweke kwenye ndoo ya maji usiku mzima, chuja kwa kitambaa, weka kipande kidogo cha sabuni ya mche ili dawa ishike jani, alafu nyunyiza jioni chini na juu ya majani. Jioni kwa sababu jua linaua nguvu yake. Rudia baada ya siku chache na mvua ikinyesha anza upya, na siku za kukaribia kuvuna acha, vinginevyo mboga itakuwa chungu. Pia usirudishe chainizi kwenye tuta lilelile wala kwenye tuta lililotoka sukuma, hao ni ukoo mmoja na wadudu wao ni haohao, weka mchicha au kunde kwanza. Na kama unafikiria kufunika kwa chandarua cha zamani, hakikisha sio vile vyenye dawa ya mbu.

Shangazi